Magofu ya Kalenga na Hukumu ya Mungu

Ni desturi ya wahubiri wetu, wa misikitini na wa makanisani, kuyataja magofu kuwa ushahidi wa ghadhabu ya Mwenyezi Mungu, na mfano waupendao ni Babeli, mji ambao matofali yake yalichukuliwa na watu wa zama za baadaye wakajengea Hilla, nchini Iraki, ulio hai hata leo karibu na maganjo hayo. Kwamba Kurani huwahimiza wanadamu watembee katika nchi watazame mwisho wa waliotangulia, na kwamba manabii wa Bani Israili waliutabiria Babeli ukiwa, sina shaka. Ninachokikataa ni kuichukua hukumu hiyo na kuitandaza juu ya kila ukuta ulioanguka.

Mtu atokaye Idodi kwenda Iringa mjini hupitishwa na njia yake katika habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kinyumenyume: kwanza upande wa Mlambalasi, ambako tarehe 19 Julai 1898 alijiua kwa risasi kuliko kutiwa mikononi mwa Wajerumani, na ambako kiwiliwili chake kimezikwa, kisha Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, ambako ngome yake ilivunjwa kwa mizinga mwezi wa Oktoba 1894, na mwisho mji wenyewe, ulioasisiwa na washindi wake. Asemaye kwamba Kalenga iliangushwa na dhambi zake hana budi kukubali kwamba mzinga ulikuwa ulimi wa Mungu. Mkwawa hakuwa malaika; Wasangu na Wagogo waliijua mikuki yake. Lakini waliomwangusha nao waliangushwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza waliowafuatia nao wakaondoka; ikiwa kuanguka ndiko hatia, basi kila mshindi ni mtakatifu mpaka zamu yake ifike. Akili haikubali, na uadilifu wa Mungu ni mtukufu kuliko hivyo.

Magofu, kwa rai yangu, hayamhukumu aliyelala chini yake. Humdai aliye hai. Katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, Wajerumani waliamriwa mambo mawili pamoja: kuurudisha msahafu wa Khalifa Uthman kwa mfalme wa Hijazi, na kulikabidhi fuvu la Mkwawa, walilokuwa wamelichukua. Ajabu iliyoje, kwamba mataifa yaliyokuwa yakigawana dunia yalitambua, walau kwa wino, kuwa kuna vitu ambavyo mshindi hana haki navyo! Fuvu halikurejea mpaka Gavana Twining wa Tanganyika alipolichagua katika makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za marehemu, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, tarehe 19 Juni 1954.

Leo liko Kalenga, ndani ya sanduku la kioo, na wageni waendao Hifadhi ya Ruaha husimama kulitazama. Najua wenye marehemu ni ukoo wake, na neno lao ndilo la mwisho. Hata hivyo, kusitiriwa ardhini ni haki ya maiti katika Uislamu na katika Ukristo, na Wahehe walitambika makaburini kwa wazee wao kabla dini hizi mbili hazijawafikia. Nami naona kichwa hicho kingestahili kupelekwa Mlambalasi kikazikwe pamoja na mwili wake.