Msafiri, Mbwa na Kiu

Ukisimama Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, utaiona chini yako mbuga kavu ya Mkomazi. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua yake milimani. Nyuma ya milima hufika kidogo tu.

Avukaye nyika kama ile peke yake na mbwa wake, humtegemea mbwa huyo kwa ulinzi. Je, mbwa naye amtegemee nani? Wengine huuliza: Uislamu, ulioamuru chombo alichoramba mbwa kioshwe mara saba, si umemtupa mnyama huyu? La, hasha! Kuosha chombo ni usafi, wala si ruhusa ya kutesa. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Kahf, inamtaja mbwa wa Watu wa Pango, aliyelala kizingitini mwao. Na Mtume Muhammad s.a.w. alisimulia, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, habari za msafiri mwenye kiu aliyeshuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, anakula udongo wenye unyevu kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa kinywa, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Fikiri vema! Habari hiyo haimtaji shahidi yeyote wa kumsifu. Kiu yake mwenyewe ndiyo iliyomfundisha kiu ya mwenzake.

Basi wewe uishiye Lushoto penye vijito, ambaye mbwa wako hulinda mahindi usiku kucha, je, umemwekea maji?