Mtoto Akiita Usiku, Nani Ataitika?



Kila mwaka watoto wa Gredi ya 9 wanapokaribia kumaliza, nyumba nyingi huingia katika shughuli ya kutafuta shule ya bweni. Huulizwa karo ni kiasi gani na matokeo ya mtihani yalikuwaje. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini liko swali lingine ambalo husahauliwa: maisha ya shule hiyo yakoje, na je, yatamfaa mtoto wetu huyu?

Siku moja mume na mkewe walinijia parokiani wakiwa hawasemezani. Mtoto wao wa kwanza alikuwa ameitwa katika shule kubwa aliyosoma babaye, na baba alikuwa amekwisha kuwatangazia ndugu na majirani. Mama hakutaka. Nilipomwuliza sababu alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Padre, mtoto huyu bado hukojoa kitandani anapoogopa."

Baba akainama. Kisha akaanza kusimulia mwaka wake wa kwanza pale: alivyoamshwa usiku wa manane na wanafunzi wakubwa, alivyofulia wengine nguo, alivyoitwa "mono" hata akakaribia kusahau jina lake. "Lakini nilivumilia," akasema, "nikawa mwanamume."

Mkewe akamtazama. "Tumeoana miaka kumi na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia hayo."

Wapendwa, fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura tatu za mwanzo. Hana, mkewe Elkana, alimpeleka mwanawe Samweli akakae Shilo, katika nyumba ya Bwana. Je, kulikuwa na mahali penye jina zuri kuliko hapo? Hata hivyo, wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, walinyang'anya watu nyama ya sadaka na kuwadhulumu wanawake waliohudumu mlangoni. Baba yao aliwakemea kwa maneno tu, akawaacha. Basi jina takatifu langoni halitoshi. Shule yaweza kuitwa kwa jina la mtakatifu, ikawa na kanisa na sanamu ya Mama Maria, na bado wenye nguvu wakawala wanyonge bwenini.

Ni nini kilichomsaidia Samweli? Kwanza, wazazi wake hawakumsahau. Kila mwaka walipopanda kwenda kutoa sadaka, mama alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Mama anayemshonea kanzu mtoto asiyeishi naye lazima ajue amekua kiasi gani. Pili, usiku ule Samweli alipodhani ameitwa, alimkimbilia Eli mara tatu, na Eli hakumfukuza kwa ukali. Mzee yule alikuwa na makosa yake, lakini mtoto aliweza kumwendea gizani bila hofu, naye akamsikiliza.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa leo. Mtoto wenu akiita usiku katika shule ile, nani ataitika?

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2001, vijana 67 walikufa kwa moto bwenini Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, watoto 21 walipoteza maisha katika moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Tunawaombea pumziko la milele. Lakini baada ya kusali tunapaswa kufumbua macho.

Basi mfanyeje? Nendeni shuleni nyote wawili, na msiende siku ya wazazi tu. Siku hiyo nyasi zimekatwa na chakula kimeungwa vizuri. Ombeni ruhusa mwende siku ya kawaida, mkaangalie haya:

1. Bweni. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Ulizeni funguo hukaa na nani usiku, na matroni hulala wapi.

2. Wadogo. Tazameni foleni ya chakula na ya maji. Je, aliyetangulia hupata kwanza, au wakubwa hupita mbele na wadogo hunyamaza kwa mazoea?

3. Ndimi za walimu. Sikilizeni wanavyosema na wanafunzi. Je, wanawajua kwa majina? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na pia kumtesa kimawazo. Mtoto anayetukanwa kila siku hujifunza kutukana.

4. Malalamiko. Mwulizeni mwalimu mkuu hivi: mtoto wa mwisho kuja kwako kulalamika kwamba ameonewa, ulimfanyia nini? Shule inayosema haijapata kuwa na mambo hayo yafaa iogopwe kuliko ile inayosema yalitokea na tukafanya hivi.

5. Sala. Kama ni shule ya Kanisa, ulizeni Misa ni lini, padre hufika mara ngapi, na kama chama cha YCS kina uhai. Mtakatifu Yohane Bosko, aliyewalea vijana maskini wa Turin, alisimamisha malezi yake juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo. Aliwataka walezi wakae kati ya vijana, si kuwavizia wakosee.

Baada ya hayo, rudini mkamtazame mtoto mwenyewe. Kiatu kizuri kisichoenea mguu ni mateso. Kuna mtoto anayestawi penye kelele na mashindano, na kuna anayenyauka hapo. Mwulizeni anaogopa nini, mkamsikilize mpaka amalize.

Mjichunguze na ninyi pia. Baba, je, unamtafutia mwanao shule au unajitafutia sifa? Mama, je, unamkinga mtoto au unaogopa kuachwa nyumbani? Na wengine, tuseme kweli, hupeleka watoto mbali ili wasisikie ugomvi wa wazazi. Bweni haliponyi ndoa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wake juu ya familia, Familiaris Consortio, wa mwaka 1981, alifundisha kwamba wajibu wa wazazi kulea ni wa kwanza, wala hauwezi kukabidhiwa wengine wote mzima. Walimu ni wasaidizi wenu.

Wale wawili walikwenda pamoja katika ile shule, ambayo sitaitaja. Walipoeleza shida ya mtoto wao, mwalimu aliyewapokea alicheka: "Mleteni tu, wenzake watamnyoosha." Baba aliinuka wa kwanza. Walimpeleka katika shule ndogo isiyojulikana sana. Huko matroni aliwaita faraghani, akauliza jina la mtoto, na kama angependa kitanda kilicho karibu na mlango wake. Baba aliniambia alitoka nje akalia, kwa sababu alipokuwa mtoto hakuna aliyemwuliza hivyo.

KWA MAZUNGUMZO YA MUME NA MKE

Jioni moja wiki hii, watoto wakiisha kulala, ulizaneni: Wewe ulipokuwa shuleni, uliogopa nini? Ulimwambia nani? Na mtoto wetu, akiogopa, anajua kwamba aweza kutuambia?

Kisha shikaneni mikono, msali Baba Yetu na Salamu Maria kwa ajili ya watoto wote watakaolala usiku huu mbali na nyumbani. Mungu awabariki.