Nani Atoke kwenye Mkesha?

Katika mkesha mmoja ndugu alikohoa usiku kucha, nasi tulikuwa tumefunga madirisha kwa sababu ya baridi. Kesho yake mama mmoja, ambaye anakunywa dawa za sida, akaniuliza: “Baba Shemasi, watu kama mimi tubaki nyumbani?” Sikuwa na jibu siku ile. Ameniruhusu kuandika, bila jina.

Kifua kikuu kinaletwa na kijidudu ambacho daktari Robert Koch alikitambua mwaka 1882. Kinapita katika hewa mgonjwa anapokohoa. Karibu robo ya watu wa dunia wamekwisha kukipokea mwilini, na wengi hawaugui, maana kinga ya mwili inakilaza. Lakini kwa mwenye virusi vya sida, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kuugua ni karibu mara 16 zaidi. Mwenye kisukari naye yumo hatarini, aliyedhoofika kwa njaa pia, na vijana wetu wanaovuta vumbi la mawe kwenye machimbo hapa Punia.

Wengine husema: aliye dhaifu ajilinde mwenyewe. Kweli, anywe dawa zake. Lakini tukisema dhaifu ndiye atoke, tutamjuaje? Itabidi ajitangaze mbele ya watu, na hapo tumemnyang’anya sala pamoja na siri yake. Udhaifu hauonekani, kikohozi kinasikika. Basi mzigo ubebwe na sisi sote: dirisha wazi, kitambaa mdomoni, na anayekohoa majuma mawili apeleke makohozi hospitali. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa kwa miezi 6 hivi, na baada ya majuma machache ya dawa wengi hawaambukizi tena. Huyo akirudi apewe kiti chake kilekile, siyo cha pembeni.

Na imani je? Isaya alimletea Hezekia neno la uzima, na bado akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Mimi naogopa zaidi wale wanaomwambia mgonjwa aache vidonge ili afunge. Dawa ikikatizwa kijidudu kinaizoea, na jirani anaweza kuambukizwa kile kisichosikia dawa.

Yule mama nilimwambia: njoo. Mkesha uliofuata nilifungua madirisha mimi mwenyewe. Wazee wawili walinung’unika juu ya baridi, nikawaletea mablanketi.