Kiini na Pumba

Kagongwa, kwenye barabara ya kutoka Isaka kwenda Kahama, watu wanaishi kwa mpunga. Msimu wa mavuno vinu vinanguruma usiku na mchana, na mashine nyingi za kukoboa zimetoka China. Karibu na mdomo wa kutolea mchele, chini ya vumbi, unaweza kukuta alama hii: 米. Husomwa mi, nayo ni mchele.

Ilichorwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kwenye mifupa ya kupigia ramli ya wafalme wa nasaba ya Shang: vitone vya punje juu na chini ya mstari mmoja. Kaskazini mwa China wakati huo walaji wengi walitegemea nafaka ndogondogo kama uwele wetu, na alama ilitaja nafaka iliyokwisha kutoka maganda. Mchele uliitwaa baadaye. Ulipofika mfumo wa mita, Wachina wakaiazima sauti ya alama hii kuandikia mita, na leo 100米 ni umbali wa mbio. Hakuna anayewaza punje.

Ubavuni mwa 米 waliongeza 青, yenye kudokeza matamshi, wakapata 精. Kwanza ulikuwa mchele uliochambuliwa na kutwangwa ukatakata, kisha alama ikabeba kiini, hata roho. Fikra hiyo ina nguvu: kiini ni kile kinachobaki ukishaondoa vyote vya juu. Nasi tukitafuta maana ya jambo mara nyingi tunafanya hivyo hivyo, tunakwangua matumizi hadi tufike kwenye chanzo.

Mimi nakataa, na kinu chenyewe kinaniunga mkono. Mteja anataka mchele mweupe pe, basi punje inasuguliwa, na pumba inajazwa kwenye magunia ya kulishia kuku na nguruwe. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake wakasimama tena. Vitamini B1 ilikuwa kwenye pumba. Mwaka 1929 alipata Tuzo ya Nobel.

Uwele, mita na roho ni ngozi ya 米, na ukizisugua zote unabaki na picha ya vitone isiyomlisha mtu. Kijana wa kinu asiyejua Kichina, ambaye kwake alama hiyo ni mahali pa kutegea gunia, naye ameiongezea matumizi, na sioni kwa nini tumhesabie kuwa hajaielewa.