Sifa zake, lawama za nani?
Mei 30, 2015, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Edward Lowassa alitangaza nia ya kuwania urais kupitia CCM. Waliomuunga mkono walitaja shule za kata na maji ya Ziwa Victoria kufika Shinyanga. Ni kweli. Lakini walipotajiwa mkataba wa umeme wa Richmond, uliomfanya ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, walijibu: uamuzi haukuwa wake peke yake.

Je, shule alijenga peke yake? Si wananchi walichangishwa? Mwenye duka wa Themi hawezi kudai faida ni akili yake, hasara ni ya wauzaji. Kiongozi abebe vyote viwili, la sivyo agawane na sifa. Lowassa alifariki 2024. Hoja hiyo haijafa. Atakayekuja, tumpime kwa mizani ile ile.