Staring Hafi

Kama ulikulia mtaa wa kawaida Nairobi, hii sheria uliijua kabla hujajua kusoma: staring hafi. Anaweza kupigwa risasi tatu, gari lake liingie mtoni, jengo zima limwangukie. Ukishtuka, kuna mtoto wa rika lako pale benchi ya mbele atageuka akuangalie kama mshamba. "Tulia, huyo ni staring." Mimi nilifundishwa sheria hii na DJ Afro, kwenye kibanda cha video ambapo tulilipa ashu kuona Mchina mmoja akipiga kijiji kizima, huku sauti ya Kiswahili na Sheng ikitueleza kila kitu, hata yale ambayo hayakuwemo. Namheshimu mpaka leo. Kuna muvi nilikuja kuziona baadaye bila yeye nikahisi kama chai bila sukari.

Nina swali ambalo limenisumbua tangu mwaka jana, na muvi zimekuwa njia yangu ya kulizunguka bila kuligusa. Ukiwa unajua mwisho wa hadithi ya mtu, na mwisho wenyewe ni mbaya, una deni la kumwambia? Nitaharibu miisho ya filamu kadhaa hapa. Nyingi zina umri kunishinda, kwa hivyo msinililie.

Tuanze na Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960. Unamfuata Marion Crane, ameiba pesa za tajiri wake, anatoroka na gari, unamwogopea, na bila kujua ushamfanya staring wako. Kisha anaingia kuoga. Filamu haijafika nusu na staring amekufa, na wewe umebaki umekaa pale na muvi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia karibu picha kwa picha, safari hii kwa rangi. Wengi waliikashifu, na mimi nilijiunga nao bila kufikiria sana. Siku hizi naona kosa lake lilikuwa dogo na halikuwa na dawa: kila mtu alishajua. Ukishajua kwamba Marion atakufa, unachoangalia si thrila tena. Unaangalia mtu anayeendesha gari kwenda kuoga.

Lakini muvi niliyotaka kuongea juu yake ni Spoorloos, ya Uholanzi, 1988. Iliongozwa na George Sluizer kutoka kwa kitabu cha Tim Krabbé. Rex na mpenzi wake Saskia wako likizoni Ufaransa. Wanasimama kituo cha mafuta, Saskia anaenda kununua vinywaji, harudi. Basi. Hakuna damu wala mayowe, ni mchana wa kawaida na watu wanajaza mafuta. Miaka mitatu baadaye Rex bado anabandika picha zake. Ana mpenzi mwingine, anayechoka kuishi na kivuli, na unamwelewa.

Aliyemchukua Saskia tunaonyeshwa mapema, na hapo ndipo ubaya wa hii filamu ulipo. Anaitwa Lemorne. Ni mwalimu wa kemia, ana mke na mabinti wawili wanaompenda. Aliwahi kumwokoa msichana aliyekuwa akizama, mabinti wakamwona shujaa, naye akaanza kujiuliza: kama naweza wema wa kiasi hiki, ubaya wa kiasi hicho je? Ati alitaka tu kujipima. Mwishowe anamtafuta Rex mwenyewe na kumpa ofa. Nitakuonyesha kilichompata Saskia, lakini lazima upitie alichopitia yeye. Kahawa hii ina dawa ya usingizi. Kunywa au nenda nyumbani.

Rex anazunguka pale gizani kama mwendawazimu. Halafu anakunywa. Anapoamka yuko ndani ya sanduku, chini ya udongo, na kiberiti cha gesi mkononi. Sasa anajua. Filamu inaisha.

Niliiona nikiwa na miaka 19, usiku, kwenye kompyuta ya kuazima, na sikulala. Asubuhi nilikuwa nimeshaamua kwamba hiyo ndiyo filamu ya ukweli kuliko zote, na kwamba Rex alifanya sawa. Kujua ni haki ya mtu. Heri kuzikwa na jibu kuliko kuishi na swali. Ukiwa na miaka 19 unaweza kusema vitu kama hivyo kwa sauti, mbele ya watu.

Rimeki ya Marekani ilitoka 1993, na aliyeiongoza ni yuleyule Sluizer. Jeff Bridges ndiye mhalifu, Kiefer Sutherland ndiye anayetafuta, Sandra Bullock ndiye anayepotea. Anakunywa kahawa, anazikwa, halafu mpenzi wake mpya anafika na kumfukua. Mhalifu anauawa kwa sepetu. Mwishoni wawili hao wako mkahawani, wakiletewa kahawa wanaikataa, na sisi tucheke. Staring hafi.

Niliitukana hiyo rimeki kwa miaka. Niliona mtu akichukua kazi yake mwenyewe, akaing'oa meno, akawapa Wamarekani wainyonye kama peremende. Kwangu, kumpa mtu mwisho wa uongo kwa sababu unadhani hataweza ule wa kweli ni kumdharau. Michael Haneke naye alirudia filamu yake Funny Games, ya 1997 kule Austria, akaipiga upya 2007 kwa Kiingereza, karibu picha kwa picha, wala hakulegeza chochote. Ndani yake mama anayeteswa ananyakua bunduki na kumpiga mmoja wa wale vijana. Unashangilia. Yule wa pili anatafuta rimoti, anarudisha filamu nyuma, na safari hii mama hapati bunduki. Haneke nilimwona mwanaume, Sluizer nikamwona ameuza.

Sasa nieleze ya mwaka jana.

Nyanya yangu anaishi chini ya milima ya Sagalla, karibu na Voi. Mtoto wake wa pili, anko wangu, alikuwa taniboi wa malori ya masafa: Mombasa, Malaba, Kampala, mpaka Kigali. Alitoka nyumbani 1998 na hajarudi. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nimekua nikimjua kama kitanda. Kipo chumba cha kando, kimetandikwa, na mgeni halali pale hata kama mko kumi na wawili na mkeka ni mmoja.

Sheria yetu ya ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, anachukuliwa kuwa amekufa hadi ithibitishwe vinginevyo. Nyanya hiyo miaka saba ameipita zaidi ya mara tatu na hajaenda kwa wakili yeyote. Shamba halijagawanywa kwa sababu ya fungu la anko. Shangazi yangu, ambaye ndoa yake ilivunjika na akarudi na watoto watatu, anakaa nyumba ya mabati ya vyumba viwili kwa sababu kila akiuliza ajenge wapi, jibu ni lilelile: ndugu yako akija tutapanga. Hakuna anayembishia nyanya. Si kwamba tunamwamini. Ni vile hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kusema.

Nilikuwa Maungu nikiandika kazi fulani kuhusu madereva wa malori, kazi ya kulipwa kwa maneno. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai akaniuliza mimi ni wa kwa nani. Nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akalitaja jina la anko wangu, lile la utani ambalo ni nyanya tu hulitumia. Walisafiri pamoja. Anko aliugua malaria njiani na akafia Lyantonde, Uganda, 1999. Madereva walichanga wakamzika hukohuko. Karatasi zilipotea, tajiri wa gari akasema atapeleka habari nyumbani, na kila mtu akadhani mwingine amepeleka. Mzee akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya risiti.

Nilikaa na hiyo risiti miezi saba. Mimi, wa heri kuzikwa na jibu. Nilienda nyumbani Desemba, nikala, nikalala kwenye mkeka kando ya kile kitanda, nikarudi Nairobi. Nyanya ana miaka 81. Nilijiambia tumaini ndilo linamwamsha asubuhi. Nilijiambia presha. Nilijiambia huenda mzee alikosea, ingawa lile jina la utani mtu hawezi kulikosea. Kwa kifupi nilimtengenezea nyanya rimeki, na nikaelewa jinsi mtu anavyoweza kuing'oa meno hadithi anayoijua vizuri. Huhitaji hata kuwa mwoga. Unachohitaji ni sura ya mtu utakayemwangalia ukiwa unasema.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki sijakiona kikiandikwa na wale wanaosema ukweli unaweza kusubiri. Nilianza kufurahia kujua. Si furaha ya kucheka. Ni vile nikimwona shangazi akilalamika kuhusu mabati, moyoni nasema, mimi naweza kulimaliza hili kwa sentensi moja. Nilirudi kuiangalia Spoorloos nikitafuta nafasi yangu, na sikuwa Rex. Mimi nilikuwa yule mwalimu wa kemia na flaski yake ya kahawa. Sikumdhuru mtu, sawa. Lakini mtu aliyeshika jibu la mwenzake na kuamua atampa lini na kwa masharti gani, kwani anaitwa nani?

Nilikimbilia dokumentari, kwa sababu nilidhani huko angalau watu husema. The Thin Blue Line ya Errol Morris ilitoka 1988 pia, mwaka mmoja na Spoorloos. Polisi aliuawa Dallas usiku mmoja wa 1976, na Randall Adams akahukumiwa kifo kwa kosa ambalo hakufanya, ushahidi mkubwa ukitoka kwa kijana wa miaka 16, David Harris. Morris anaigiza yale mauaji tena na tena, kila mara kulingana na shahidi mwingine. Ukifikiria, ni rimeki kumi za dakika moja, na kila moja inafichua uongo wa ile iliyotangulia. Mwishoni tunaangalia kinasa sauti tu, kamera ya Morris ilikuwa imeharibika siku hiyo, na sauti ya Harris inakubali karibu kila kitu. Adams aliachiliwa 1989, baada ya miaka 12. Nitajie thrila iliyomtoa mtu jela.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo. Baada ya kutoka, Adams na Morris walivutana kisheria juu ya haki za hadithi ya maisha ya Adams. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona Adams hana shukrani, jamaa amekuokoa bana. Sasa sioni hivyo. Mtu amenyang'anywa miaka 12 na serikali, anatoka nje anakuta hata kusimulia hiyo miaka kuna karatasi. Mtu anaweza kukutolea ukweli wako na bado asiwe mwenyewe.

Pasaka nilienda Voi na kompyuta. Nilitaka nyanya aone The Letter, ile dokumentari ya Maia Lekow na Christopher King ya mjukuu anayerudi nyumbani Pwani kwa sababu nyanya yake ameshutumiwa uchawi, na chini ya uchawi kuna shamba. Betri ikakata hata hatujaanza, stima hakuna. Kwa hivyo nilimsimulia muvi, kama DJ Afro, na iliyotoka mdomoni ilikuwa Spoorloos. Nilimwambia yote: kituo cha mafuta, picha, kahawa. Nikasimama hapo kwenye kahawa nikamuuliza, "Nyanya, wewe ungekunywa?"

Alikuwa anachambua kunde. Hakuinua macho. "Huyo msichana aliyepotea," akasema, "hakuwa na mama?"

Sikuwa na jibu. Nimeiona filamu hiyo labda mara nane na sijawahi kujiuliza. Mimi na Rex tulibishana miaka yote hiyo juu ya haki yake ya kujua, kana kwamba Saskia alikuwa swali lake peke yake.

Kisha nikamwambia. Sikupanga maneno na hayakutoka vizuri. Niliitoa ile risiti, sijui kwa nini, kama vile ingenisaidia. Hakulia wakati huo. Aliuliza ni mji gani, nikamwambia, akaurudia mara mbili ili asiusahau. Akauliza nimejua tangu lini. Nikamwambia ukweli. Hapo ndipo aliniangalia, na sitaandika alivyoniangalia.

"Huyo dereva yuko hai?"

"Yuko, nyanya."

"Basi mwite. Habari kama hii hailetwi na mtoto. Aje akae hapa anieleze walimfunika na nini."

Nilimuuliza pia kama naweza kuandika haya. Akasema niandike, jina nisiweke.

Nimempigia mzee. Anashuka Alhamisi na mzigo, atalala Maungu, Ijumaa asubuhi atapanda huku kwa boda. Shangazi amefagia uwanja mara mbili na hajataja shamba. Nyanya anataka kujua kama mzee anakula kuku.