Bei ya Haki

Mtu wa Merigi anayetaka kununua ng'ombe wa maziwa haridhiki kwa uzuri wa ngozi. Humtazama mnyama meno, humpapasa kiwele, hujaribu chuchu zote nne, kisha huuliza amezaa mara ngapi. Hata baada ya hayo yote hubaki jambo moja ambalo mwenye ng'ombe peke yake alijua: ni maziwa kiasi gani yaliyotoka jana asubuhi. Bei hupatanwa juu ya yale yanayoonekana na wote wawili, lakini haki ya bei hukaa katika lile linalojulikana na mmoja.

Motokaa ya umeme imetuletea swali hilohilo katika umbo jipya. Baadhi ya zilizofika Kenya zilitumika kwanza Japani, na sasa zinatafuta mmiliki wa pili au wa tatu. Motokaa ya petroli haiwezi kuficha uzee wake: hutoa moshi, hukohoa asubuhi ya baridi, huvuja mafuta. Ya umeme huenda kimya siku zote, na betri yake, kiungo chenye thamani kuliko vyote, huchakaa bila kulalamika.

Chukua mfano wa Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010. Betri yake ya awali ilikuwa ya kilowati-saa 24, na kwa vipimo vya serikali ya Marekani Leaf ya 2011 ilikwenda kilomita 117 kwa chaji moja. Mbele ya dereva vipo vipande 12 vya taa vinavyoonyesha afya ya betri. Mtu aweza kudhani kwamba kipande kimoja kikizimika, sehemu moja katika 12 imepotea. Sivyo. Cha kwanza huzimika uwezo ukiwa umepungua kwa karibu asilimia 15, na kila kifuatacho ni kama asilimia 6. Tena wako walaghai wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili taa zote ziwake kwa muda, hata mauzo yakamilike. Huyo ni mwizi, wala hatuhitaji falsafa kumhukumu.

Mgumu zaidi kumhukumu ni mtu mwema anyamazaye. Tuseme mwenye motokaa anajua kwamba siku hizi haimfikishi zaidi ya kilomita 80. Jirani yake, mkulima wa chai, anaipenda na haulizi. Je, amwambie?

Cicero wa Roma alilipima jambo hili mwaka 44 kabla ya Kristo. Alisimulia habari za mfanyabiashara aliyeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, akijua merikebu nyingine zi njiani. Diogenes wa Babeli alisema kwamba mwuzaji atangaze kasoro zile tu zinazotakwa na sheria. Antipater alisema asifiche lolote. Cicero alimwunga mkono Antipater. Nayo sheria ya Kiislamu, inayojulikana sana pwani yetu, humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro iliyofichwa. Neno la Kiarabu la kasoro hiyo ndilo lililotupa sisi neno "aibu".

Mimi nasimama na Antipater, ila si mpaka mwisho. Mwuzaji halazimiki kueleza alinunua kwa kiasi gani, wala kwamba ana haraka ya fedha za karo. Hayo ni ya maisha yake. Kilomita 80 ni za motokaa, na motokaa ndiyo inayouzwa. Anayelipia 117 akapewa 80 hakupatana na mtu. Amekubali neno asilolijua.

Akishaambiwa, bei ishuke kiasi gani? Wengine watakata theluthi kwa kuwa karibu theluthi ya mwendo imepotea. Hesabu hiyo ni nyepesi mno, kwa maana viti, magurudumu na bodi havikupungukiwa na kitu. Kwa mkulima apelekaye watoto shule, kilomita 80 zatosha na kusaza. Kwa atakaye kwenda Kericho na kurudi bila kuchaji njiani, hazitoshi. Basi mnunuzi naye aseme wazi safari zake, asijifanye msafiri wa mbali ili kuishusha bei.

Linabaki lile wasilolijua wote wawili, yaani betri itaendaje mwakani. Joto huichosha betri, na baridi ya Merigi ni hisani kwake, lakini hakuna awezaye kuapa. Hapa wakulima wa chai wana mfano mzuri. Wao hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo kila mwezi, kisha bonasi huja baadaye, hesabu za mauzo zikiisha kufungwa. Majirani hawa nao waweza kuandika kiasi cha kulipwa leo, na kiasi kidogo cha kulipwa baada ya mwaka, endapo betri haikupungua kupita kipimo walichokubaliana. Kipimo hicho kisomwe na fundi mbele ya wote wawili, na karatasi itaje tarehe, idadi ya kilomita zilizokwisha kwenda, na taa ngapi zilikuwa zikiwaka siku ile.